Robo ya Lipstiki Ndani ya Kiberiti

Mama aliigundua lipstiki ya dada yangu wakati anatafuta njiti ya kuwashia moto. Alikuwa ameinama mbele ya mafiga, kuni zimelowa kama kawaida ya kwetu, akachomoa kiberiti kilichokuwa kimefichwa juu kwenye nyasi za paa la jikoni na kukifungua kwa kidole gumba. Badala ya njiti akakuta kipande kidogo chekundu kimelazwa juu ya jani kavu la mgomba. Hakupiga kelele. Alikinusa. Kisha akanigeukia mimi, maana ndimi niliyekuwa karibu siku zote, akaniuliza, "Hiki kinaliwa?"

Nilijua hakiliwi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, mtoto wa kuchungulia, na hapakuwa na kitu nyumbani kwetu ambacho sikujua kinakaa wapi. Nilijua hata kwamba kile kilikuwa robo tu. Dada na wenzake watatu wa darasa la kipaimara walikuwa wamechangishana, wakashuka Tukuyu mjini, wakainunua nzima mtaa wa Bagamoyo wa hapo hapo mjini, kwa mama mmoja aliyetandaza turubai karibu na wauza mitumba. Waliporudi waliingia nyuma ya nyumba wakaikata kwa wembe vipande vinne sawasawa, kama watu wanaogawana nyama, kila mmoja akaondoka na chake. Mimi nilikuwa juu ya mparachichi nikiwatazama.

Vitu hivyo vilikuwa vipya kwetu. Miaka michache kabla, duka la kijiji lilikuwa na rafu, mizani na muuzaji mwenye usingizi, na sabuni ikija watu walipanga mstari tangu kuku hawajashuka. Halafu ghafla kila kitu kikawa ruksa. Marobota ya mitumba yakaanza kufunguliwa sokoni, na vitu vikavuka mpaka wa Malawi ndani ya mabegi ya akina mama waliokuwa na mioyo migumu: sabuni za kunukia, poda, wanja wa penseli, rangi za kucha, na hizo lipstiki. Dada na wenzake walichagua rangi ya damu ya mzee. Nilimuuliza dada kwa nini wasichukue ile nyekundu inayowaka, akanijibu kwamba inayowaka ni ya wahuni. Nikashangaa. Kumbe hata wao walikuwa na mpaka wao, na walikuwa wameuchora wenyewe bila kuambiwa na mtu.

Matata hayakuanzia kwa mama. Mama alikirudisha kile kipande ndani ya kiberiti, akakirudisha kiberiti kwenye nyasi za paa, akaomba moto kwa jirani. Matata yalianzia kwa mmoja wa wale wanne, msichana asiyekuwa na subira, ambaye Jumamosi ya wiki ile ile alipaka robo yake karibu yote kwa mara moja na kwenda nayo darasani kanisani. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiwafundisha katekisimu alimtoa nje. Akamuuliza ameipata wapi, naye kwa woga akawataja wenzake wote. Mzee akatangaza kwamba wasichana hao wanne wamesimamishwa, hawatapata kipaimara mwaka huo.

Mimi yule mzee sikuwahi kumpenda, na sitajifanya leo kwamba nilimpenda. Alikuwa na mazoea ya kuzungumza juu ya midomo ya wasichana muda mrefu kuliko wasichana wenyewe walivyoifikiria. Lakini mchungaji wetu alikuwa mtu mpole. Akasema jambo hili si la wanaume, akina mama wakae, waseme binti wa umri ule anaweza kujipamba kiasi gani. Wakisema kiasi kipo, wasichana warudi. Wakisema hakuna kiasi, wangoje mwaka ujao, warudie darasa pamoja na wadogo zao.

Dada alikuwa na miaka kumi na sita, na kwake ilikuwa kama kuambiwa arudi kutambaa. Hakulia mbele yetu. Alikwenda kwenye kishamba chetu cha chai akachuma kama anaikomoa, akarudi na kikapu kimejaa mapema kuliko siku zote, akalala bila kula. Nilimwonea huruma sana. Na kulikuwa na jambo lingine lililofanya mwaka ujao usiwe mwaka ujao tu, nalo lilikuwa macho ya babu.

Babu, mzaa baba, aliishi ng'ambo ya kijito, humo humo kijijini kwetu Lufingo. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikuwa bado anamtambua mtu akimkaribia, lakini wa mbali alimjua kwa mwendo. Dada alikuwa mjukuu wake wa kwanza kufika kwenye kipaimara, na babu alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu aliyekutana naye kwamba siku hiyo atakwenda kanisani kwa miguu yake kumwona akiwa amevaa nyeupe. Hakuna aliyejua kama mwaka ujao angekuwa anaona kitu. Baba yetu alifanya kazi kiwanda cha chai na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo babu ndiye aliyekuwa mwanaume wa kusikilizwa nyumbani kwetu. Shida ni kwamba mama hakuruhusiwa kumtazama babu, wala kutazamwa naye.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Wanyakyusa wa zamani, na mama alikuwa wa zamani ingawa hakuwa mzee. Mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja anaacha njia, anaingia migombani, anajifunika kanga na kumpa mgongo mpaka apite. Chakula cha mzee anakipika yeye, lakini anayekipeleka ni mtoto. Babu naye alikuwa na wajibu wake. Kila alipokuja kwetu alikohoa tangu kwenye daraja la miti, kikohozi kirefu kisicho cha ugonjwa, ili mama apate muda wa kujificha. Nilipokuwa mdogo nilidhani wamegombana. Nikamuuliza mama waligombania nini, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hawajagombana, wanaheshimiana. Hata siku aliyoolewa aliingizwa uani kwa babu akiwa amefunikwa gubigubi. Kama waliwahi kuonana tangu hapo kwa bahati mbaya, basi wote wawili walijifanya haikutokea.

Kamati ya akina mama wa kanisa ilikuwa na watu watano, na mama yangu alikuwa mmoja wao tangu zamani. Wengine walisema ajitoe kwa kuwa bintiye ni mshtakiwa. Mke wa mchungaji akakataa, akasema mwenye mtoto ndiye anayejua uchungu, akae. Kikao cha kwanza wakakifanyia kwetu kwa sababu mvua iliwakuta njiani na nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu. Mimi nikapewa kazi ya kumimina chai na kugawa ndizi za kuchemsha. Nadhani sijawahi kumimina chai polepole kama siku ile.

"Mimi nasema mafuta ya mgando, basi," alisema mama mmoja mwembamba aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya.

"Na poda?" akauliza mwingine.

"Poda ya kwapani sina neno nayo. Hiyo ni dawa ya jasho."

"Na ikipanda shingoni?"

"Shingoni kidogo. Watu wa harusi wanapaka."

"Na usoni?"

Nilisimama na birika mkononi nikisubiri jibu kwa hamu kweli. Nilitaka kujua mpaka wenyewe unapita wapi hasa, pale kati ya shingo na kidevu, na ni nani aliyeuweka.

"Ikianzia kwapani itaishia mdomoni," akasema mama mnene aliyekuwa mkali kuliko wote. Binti yake mwenyewe alikuwa na miaka tisa, kwa hiyo alikuwa na ukali wa mtu ambaye zamu yake haijafika. "Mimi nasema hakuna kiasi. Ni hapana."

Mke wa mchungaji akasema mbona yeye alipaka wanja siku ya harusi yake, na mchungaji hakukimbia. Wakacheka. Mmoja akasema jambo hili ni kama chumvi kwenye maharage, kila mtu na ulimi wake. Mama mnene akajibu kwamba hakuja kuzungumza maharage. Mwishowe wakamgeukia mama, ambaye tangu mwanzo alikuwa anamenya ndizi bila kula hata moja.

"Mimi sijawahi kujipaka kitu zaidi ya mafuta," mama akasema. "Nitasemaje kiasi cha kitu ambacho sijui kinafanya nini?"

"Kwani umewahi kuiba ndipo ukajua wizi ni mbaya?" akauliza mama mnene.

"Wizi najua unamuumiza nani. Hii inamuumiza nani?"

Mvua ikakatika, wakaahidiana kukutana tena Alhamisi, wakaondoka na miavuli yao na majani yao ya migomba.

Kesho yake dada alipokwenda kuchuma chai, mama akaniita nyuma ya jikoni, kwenye mwanga. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kanga imefungwa kifuani, uso ameunawa mpaka unang'aa. Mkononi ameshika kile kiberiti.

"Wewe unayechungulia kila kitu," akaniambia, "utakuwa umeona dada yako anavyofanya. Nifanyie."

Nilidhani ni mtego. Nikamwangalia vizuri, nikaona si mtego, ana haya kuliko mimi. Nikaenda kuleta na poda, iliyokuwa imefungwa kwenye karatasi ya daftari chini ya godoro la dada, na wanja uliokuwa ndani ya soksi, na kioo cha baba cha kunyolea ndevu. Kila nilipotoa kitu mama alitikisa kichwa, kwa vile alikuwa akifagia chumba kile kila siku na hakuwahi kuviona.

Nilianza na poda na nikaizidisha mara moja. Mama akawa kama mtu aliyeangukiwa na unga wa muhogo. Nikampangusa, nikapaka tena. Wanja ukanishinda jicho la kushoto kwa sababu alikuwa anacheka na jicho linacheza. Lakini mdomo niliupatia. Nilichovya kidole kwenye ile robo, nikapitisha polepole, na mama akakaza midomo halafu akailegeza, bila kufundishwa, sawa kabisa na dada anavyofanya. Nikarudi nyuma nimtazame, nikashtuka. Sikuwahi kuona kwamba mama na dada wana uso mmoja. Uso wa mama nilikuwa nimeuzoea ukiwa na moshi, jasho na majivu, nikadhani ndivyo ulivyo. Sasa midomo ilikuwa ya dada, kidevu cha dada, hata lile bonde dogo chini ya pua.

Nikampa kioo. Alikitazama muda mrefu sana, kwanza jicho moja, kisha jingine, kisha mdomo, maana kioo kilikuwa kidogo hakitoshi uso wote.

"Huyu ni dada yako," akasema.

"Ni wewe, mama."

"Nilikuwa hivi?"

Kikohozi kirefu kilisikika kutoka kwenye daraja la miti.

Mama aliruka. Kigoda kilianguka upande wake, kioo kikabaki mikononi mwangu, naye akaingia migombani akajifunika kanga mpaka usoni na kuchuchumaa akitupa mgongo. Babu akatokea na fimbo yake. Akasimama pale anaposimama siku zote, akageuza uso upande wa mlima, akaniamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile."

"Ndaga, babu," nikamwitikia, neno letu la kuitikia salamu na la kushukuru.

"Mama yako yupo?"

"Yupo, babu."

"Mwambie nimesikia habali ya mtoto wetu." Kiswahili cha babu hakikuwa na herufi r, na siku ile alizungumza Kiswahili, nadhani kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kanisani na la mjini. "Mwambie mimi hiyo langi siijui. Siwezi kusema ni nzuli, siwezi kusema ni mbaya. Mimi ninataka kumwona mtoto amevaa nyeupe wakati bado ninaijua nyeupe. Mwambie hivyo tu."

Mama alikuwa hatua chache kutoka pale na alisikia kila neno, lakini utaratibu ni utaratibu. Nikakimbia mpaka kwenye mgomba nikamwambia yote. Akanong'ona, "Mwambie babu yako nimesikia." Nikakimbia kurudi, nikasema, "Babu, mama anasema amesikia." Babu akasema ndaga, akageuka, akaondoka. Kikohozi kikasikika tena darajani, cha kuaga.

Mama hakutoka haraka. Nikamfuata kule, nikamkuta ameketi juu ya majani makavu, kanga imeshuka mabegani, poda imeingia mchirizi wa jasho.

"Leo nimejificha mara mbili," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anajieleza mwenyewe. Kumficha babu uso alikuwa amezoea, hakuna haya ndani yake, ni kama kuvua viatu mlangoni. Lakini leo, hata angekuwa ni jirani, hata angekuwa ni mchungaji, hata ningekuwa mimi tu natoka shuleni ghafla, angekimbia vilevile. Alikuwa amekimbia kwa miguu miwili, akasema, mmoja wa heshima na mmoja wa haya, na huo wa haya hakuupenda kabisa.

"Na bado," akaongeza, "ninatamani angeniona." Alisema hivyo wazi, akanitazama kama vile ni mimi niliyesema. Kisha akainuka, akaomba maji.

Nilidhani ananawa. Kumbe anapima. Alilowesha pindo la kanga, akafuta kidogo, akaniuliza, "Sasa hivi ningeweza kutoka nikamwamkia mtu?" Nikasema bado, wanja ni mwingi. Akaufuta wote, akasema ule haukuwa na faida, anaonekana kama mtu aliyepigwa. Akapunguza poda. "Sasa?" Nikasema bado kidogo. Akabana midomo kwenye kanga, ikabaki alama ya mdomo mzima juu ya ua la njano, na mdomoni ikabaki rangi kama ya mtu aliyetoka kula zambarau. "Sasa?" Nikasema sijui. Nilikuwa sijui kweli. Akasema, basi tutajua.

Akatoka mpaka njiani akasimama karibu na ua, akijifanya anang'oa majani. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikichungulia. Akapita jirani yetu akiwa na kikapu cha chai kichwani, akielekea kwenye mizani ya kupimia chai. Wakaamkiana. Jirani akapita, akasimama, akageuka na kikapu chake chote.

"Leo umeamkaje wewe?" akamuuliza mama. "Umepata habari njema?"

"Bado," mama akajibu.

"Basi inakuja," jirani akasema, akaenda zake.

Mama akarudi ndani akicheka kimya kimya, bega linatikisika. Jirani hakuwa ameona rangi. Alikuwa amemwona mama.

Alhamisi nilikuwa tena na birika. Mama hakungoja kuulizwa. Akasema yeye anacho kipimo. Binti ajipambe, lakini akisikia mtu mzima wa nyumbani kwao anabisha hodi ghafla, aweze kutoka na kumwamkia bila kwenda kunawa kwanza. Akiona haya ya kutoka, amezidisha. Akitoka na kuamkia, ndicho kiasi.

"Nani amekwambia hayo?" akauliza mama mnene.

"Nimejipaka."

Mama mwembamba wa kwaya aliweka kikombe chini. Mama mnene akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na ikoje?" Mama akatoa kiberiti kwenye pindo la kanga, akakifungua, akakiweka juu ya meza. Akina mama wote watano wakainama juu ya ile robo iliyokuwa imebaki nusu. Mke wa mchungaji akainusa. Mama mnene akaigusa kwa ncha ya kidole, akajifuta kwenye gauni, akasema mbona ni nta tu.

Walikubaliana. Mzee wa kanisa alipoelezwa akauliza ni nani atakayehakikisha, akajibiwa kwamba kila nyumba ina mwenyewe. Wasichana wanne watapimwa makwao asubuhi ya kipaimara, kila mmoja atoke amwamkie mzee wa nyumba. Atakayepita kwao asisumbuliwe kanisani. Mzee wa kanisa hakufurahi, lakini mchungaji alikwisha kusema.

Nimeishi na kipimo hicho mpaka leo na nina ugomvi nacho kidogo. Najua wapo wazee ambao binti hata akiwa amenawa kwa sabuni ataona haya kutoka mbele yao, na kosa si la binti. Najua pia haya yenyewe inabadilika. Wanangu hupaka mchana kweupe vitu ambavyo dada angeviona vya wahuni, na hutoka wakaniamkia bila wasiwasi wowote, nami hubaki nimeshika mlango nikijiuliza ni nani kati yetu ameshindwa mtihani. Lakini kila nikitafuta kipimo kingine, sipati. Nilichogundua ni kwamba wale akina mama walikuwa wametafuta mpaka kwenye ngozi, shingoni au usoni, na mama peke yake ndiye aliyetafuta kwenye miguu, inakimbia au haikimbii.

Kwetu mzee wa nyumba alikuwa babu.

Asubuhi ya kipaimara kulikuwa na manyunyu, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Dada alikuwa tayari mapema, amevaa gauni jeupe alilokuwa amelishona mke wa mchungaji, amekaa kitandani. Nilimwona akipaka. Alipaka poda kidogo, akachukua rangi kwa kidole, akapitisha mara moja, akabana midomo kwenye karatasi. Akanitazama.

Kikohozi kikasikika darajani. Mama akaingia jikoni, akarudisha mlango. Dada akasimama. Kwa muda nilidhani atakwenda kwenye ndoo ya maji, na hata yeye aliitupia jicho. Halafu akatoka nje kwenye manyunyu, akapiga magoti mbele ya babu na gauni lake jeupe, akamwamkia.

Mjukuu na babu hawafichani, kwetu ni watani. Babu alimshika kidevu akauinua uso wake juu, akainama karibu sana kwa ajili ya yale macho, mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Alimtazama. Nilingoja aseme habari ya rangi. Aliendelea kumtazama, akitembeza macho pole pole, mdomo, kidevu, lile bonde dogo chini ya pua. Kisha akaniuliza mimi, kwa Kinyakyusa, uso huu mtoto ameutoa wapi, maana mwanawe hana uso kama huu.

"Ni wa mama," nikasema.

"Wa mama yako?"

"Ndiyo, babu. Mama yuko hivi hivi."

Babu hakumwachia dada. Manyunyu yalikuwa yanamlowesha kofia, naye hakujali. Mwishowe akamwambia inuka, utachafua nguo. Akageuza uso wake upande wa mlima, mbali na mlango wa jikoni, kama heshima inavyotaka, akapaza sauti kidogo.

"Mwambie mama yako," akasema, "miaka yote hii nimekula chakula cha mtu ambaye uso wake siujui. Leo nimemwona. Mwambie ndaga."

Nikaenda jikoni kupeleka maneno ambayo mama alikwisha kuyasikia. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango amevaa gauni lake la kanisani, kanga ameishika mdomoni kwa mikono miwili, machozi yanatiririka. Nikamwambia yote, neno kwa neno. Aliposhusha kanga ili anijibu, nikaona kwamba naye amepaka, ile damu ya mzee, kidogo tu.

"Mwambie babu yako nimesikia," akasema.

Nikatoka nikamwambia.